Mpagazi wa Chuma

Juzi nilipita sokoni nikamkuta mama mmoja amemwaga kumbikumbi kwenye ungo, anawapima kwa kikombe cha plastiki, na ile harufu ikanisimamisha. Nikanunua vikombe viwili nikala pale pale nimesimama, mzee mzima, mbawa zimening'ang'ania ndevuni. Yule mama akacheka. Akaniuliza, "Baba, nyumbani hawakupikii?" Nikamwambia wananipikia, ila hiki si chakula, hiki ni safari.

Nilikuwa na miaka mitano hivi. Tulikuwa tunaishi upande wa Ipole, baba na mama wakilima tumbaku kwenye kijiji cha ujamaa. Kumbikumbi hutoka wakisikia mvua, hilo unalijua. Lakini kama mvua haijaja na hamu imekuzidi, unawadanganya. Mnakizunguka kichuguu watoto wanne watano, kila mmoja na vijiti vyake viwili vikavu, mnagonga ardhi polepole, tak, tak, tak, mpaka mikono inakufa ganzi. Wale walioko chini wanadhani kumekucha na mvua inanyesha. Anatoka wa kwanza, anasimama mlangoni, anasita. Wa pili anamsukuma. Halafu wanapanda mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaokwenda kazini. Mimi nilikuwa sina subira, nagonga kama napasua kuni, na kaka yangu alinizaba kibao akasema, "Hiyo si mvua, hiyo ni vita!" Mpaka leo nikigonga mlango wa mtu nakumbuka kibao kile, nagonga taratibu.

Nisamehe, naandika kama ninavyoongea. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Nataka kukueleza habari ya watu wa chuma, sasa nimeanza na wadudu. Lakini ndivyo ilivyonijia. Siku ya kwanza nilipowaona wale watu wa chuma wakitoka kwenye tundu lao, mmoja nyuma ya mwingine, wanasita, wanapanda, nilisema moyoni: kumbe kumbikumbi.

Nilikuwa nimeshahamia Tabora mjini, kwa bibi, Ipuli, ili nisome. Umri miaka kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Bibi alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti iliyomzidi kimo. Aliniita "mume wangu", na akikasirika alisema atadai talaka. Kazi yake ilikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama kwato. Uani kwetu kulikuwa na majamvi ya matobolwa kuanzia mlangoni mpaka chooni, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kufukuza kuku. Ukitafuna tobolwa moja, linakuchukua kutoka Ipuli mpaka stesheni ya reli. Sasa hivi meno yangu hayana ubavu huo.

Ilikuwa miaka ile ya shida, mwanzoni mwa themanini. Wewe uliyekuwapo unakumbuka. Ugali wa yanga, ule unga wa njano, ulikuwa unanuka kama kabati la shule. Kufulia tulitumia majani ya mpapai. Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika tulipanga mawe, kila jiwe na mwenyewe, mtu anakwenda shamba jiwe lake linamwakilisha. Niliwahi kuona wanawake wawili wanagombana kwa sababu jiwe la mmoja lilikuwa limesogea. Ndiyo maisha yalivyokuwa, na sisi watoto tuliyaona ni maisha tu.

Ukuta kwa ukuta na bibi alikaa jirani yetu Mwarabu. Alizaliwa Tabora, na baba yake alizaliwa Tabora, na Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini tulimwita Mwarabu na yeye aliitika. Alikuwa na duka ambalo rafu zake zilikuwa na viberiti, majani ya chai, na chupa kubwa ya kioo ya pipi isiyokuwa na pipi. Kila asubuhi aliifuta vumbi ile chupa. Mtoto wake alikuwa rika langu na ndiye rafiki yangu.

Sasa, mdogo wake huyo jirani alikuwa Maskati, akaja kusalimia. Akashuka na treni, akakaa juma moja, akaondoka. Yule mtoto akaachiwa zawadi.

Kilikuwa kitu kidogo cha kukunja, kama kile kikopo cha poda chenye kioo wanachobeba maharusi. Ukikifunua, upande wa juu kuna kioo, upande wa chini kioo kingine, na pembeni vitufe viwili. Kwenye vioo pamechorwa milima myekundu na miezi miwili. Ndiyo, miwili. Rafiki yangu alisema huko ni Japani. Mimi nikasema hapana, huko ni mbinguni, na tukabishana siku nzima.

Ukibonyeza, wanatoka. Watu weusi weusi, vichwa vya pembe nne, na kichwani kila mmoja ana kijiti kama cha redio. Wanatoka kwenye tundu chini kushoto. Mmoja amebeba mzigo mgongoni, mwenzake ana bunduki ya mwanga. Inabidi wapande ngazi, waruke mashimo, wapande tena, mpaka kioo cha juu kabisa, ambako mwenzao mmoja amefungwa kwenye kizimba. Na angani kuna visahani vinaruka vinadondosha mabomu. Kitufe kimoja cha kuruka, kingine cha kupiga. Mtu wa chuma akianguka kinalia "piiii", na kwenye kona anatokea kajitu kadogo kamepinduliwa miguu juu. Wakitimia watatu, mchezo umekwisha. Neno roboti sikuwa nalijua. Tuliwaita watu wa chuma, basi.

Bwana wee, hakuna kitu kilichowahi kuniingia kichwani kama kile. Nilikuwa nalala naruka. Mwalimu akiandika ubaoni naziona ngazi. Mchana kutwa tulikaa nyuma ya duka, kwenye kivuli cha ukuta, mmoja anacheza mwingine anapiga kelele "ruka, ruka, ruka we!"

Hata bibi alikuja kuchungulia. Alikishika kwa ncha za vidole kama kinachouma. Alimtazama yule mwenye mzigo akipanda, akianguka, akianza tena, kisha akasema, "Huyu mpagazi." Babu yake bibi alikuwa mpagazi kweli, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, miezi na miezi. Tangu siku hiyo mtu wa chuma akaitwa Mpagazi. Bibi akipita na ungo wake aliuliza, "Amefika?" Tunamjibu, "Bado, bibi." Anasema, "Hata babu alichelewa."

Sasa nieleze habari ya saa, maana hapa ndipo nilipofanya kosa.

Kile kitu kilikuwa pia na saa ndani, ya kuonyesha namba, na ukitaka unakitegesha kikuamshe. Wewe unajua saa za mkono zinavyosomwa kwetu. Zikionyesha saba, sisi tunasema saa moja. Zikionyesha kumi na moja, ni saa tano. Kila mwenye saa Tabora alijua kuvuka hivyo bila hata kufikiri. Lakini sisi wawili hatukuwahi kuvaa saa. Siku redio iliposema ni saa mbili usiku, tukaweka mbili. Tukaona imekaa sawa. Halafu tukataka ituamshe saa kumi na moja alfajiri, tucheze kabla ya adhana na kabla baba mtu hajaamka. Tukategesha kumi na moja. Nani alitegesha? Mimi. Kwa kidole changu hiki. Na ikafanya kazi vizuri kabisa, kila alfajiri inalia chini ya mto wa rafiki yangu, ti-ti-ti, anaizima, ananigongea ukutani.

Ndipo ukaanza ule msako wa walanguzi. Redio ilisema, mabalozi wa nyumba kumi wakasema, kila mtu akasema. Mgambo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wanatafuta vitu vilivyofichwa na vitu vya nje visivyo na risiti. Watu waliogopa hata mali yao ya halali. Mwanamke mmoja mtaani kwetu alikuwa na khanga mpya doti moja, akaiburuza kwenye matope ionekane kuukuu. Mwingine alitupa chooni sabuni aliyoinunua kihalali kwa foleni, halafu akakaa analia juu ya sabuni.

Asubuhi moja, baada ya chai, jirani aliingia kwetu kwa mlango wa uani. Ameshika kitambaa, na ndani ya kitambaa unajua kuna nini. Mimi nilikuwepo, natafuna.

"Bi Mkubwa," akasema, "hiki ni cha mtoto. Hakina risiti, hakina ushuru, kimetoka Maskati. Wakikikuta dukani kwangu, nani ataniamini kwamba ni mchezo?"

"Na wakikikuta kwangu?"

"Wewe nani atakupekua? Na wakikuuliza, sema ni saa. Nimeirekebisha, ilikuwa imeachwa nyuma kwa saa sita nzima. Sasa inakwenda sawa na saa zote za mjini."

Bibi alifuta mikono kwenye khanga. Kisha akanyoosha mkono. "Lete. Mtoto wako ni mtoto wangu." Akakifunga kwenye pindo la khanga, kiunoni, akajitanda khanga ya pili juu yake.

Mimi nilisikia maneno yale yote kwa masikio yangu. "Nimeirekebisha." Sikushtuka hata kidogo. Niliendelea kutafuna tobolwa langu. Kumbe ile kumi na moja niliyoitegesha kwa alfajiri, sasa ingelia saa tano ya asubuhi, jua kali, watu wako macho.

Saa nne na nusu lori likasimama barabarani. Wakashuka mgambo wanne wenye fimbo, na kamanda wao, mtu mrefu, shati la kaki limepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio, daftari mkononi. Juu ya lori walikuwa wamekaa watu wawili, wafanyabiashara wa mjini, vichwa chini. Tulielewa mara moja utaratibu wake: jina likiingia kwenye daftari, mwenye jina anapanda lori. Nyumba ikipekuliwa isikutwe na kitu, wanachora alama ya vema kwa chaki mlangoni.

Walianza dukani. Hawakukuta kitu, wakachora. Kisha wakaja kwetu.

"Shikamoo bibi," akasema kamanda.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Nipo kazini, bibi."

"Kazi si kabila. Nimekuuliza wa wapi."

Akasita. "Kisarawe."

Bibi akapiga makofi. "Mzaramo! Mume wangu, fungia kuku, mwizi kaingia!"

Mgambo wakacheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako akikutukana hukasiriki, akikuchukulia kuku wako hushitaki, na wewe kesho unamchukulia kofia yake. Ndivyo walivyoishi wazee wetu walipokuwa wakipita kwao kwenda pwani, na ukiukasirikia utani watu wanakuona huna malezi.

Lakini kamanda hakucheka. "Bibi, leo utani umefungwa. Nina amri."

"Fungua tu, hutakuta hata kivuli."

Wakapekua. Walimwaga magunia ya matobolwa, wakafunua vyungu, wakaingiza fimbo chini ya kitanda. Mmoja alitafuna tobolwa akakaa nalo shavuni, hajui alimeze au alitoe. Bibi alikaa kwenye kigoda chake anawatazama na kuwasimanga. Walipomaliza, kamanda akafunga daftari, akatoa chaki mfukoni.

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Kutoka kiunoni mwa bibi.

Pale pale nikaelewa yote, saa sita, kumi na moja, kidole changu. Bibi alikandamiza tumbo kwa mikono miwili.

"Bibi, ni nini hicho?" akauliza mgambo mmoja.

"Njaa," akasema bibi.

Ti-ti-ti.

"Toa, bibi," kamanda akasema taratibu. Sauti yake haikuwa ya ukali, na ndiyo iliyoniogopesha. Akairudisha chaki, akavuta penseli kutoka sikioni.

Bibi akafungua pindo. "Ni saa!" nikapiga kelele mimi, hakuna aliyeniuliza. Kamanda akakipokea, akakifunua. Milima myekundu, miezi miwili, na watu wa chuma wamesimama.

"Saa gani ina watu ndani?" Akafungua daftari. "Jina lako kamili, bibi."

Nilitaka kusema ni mimi, niandike mimi. Mdomo ukakataa, nakwambia kweli. Bibi ndiye aliyesema. Alinyanyuka kwenye kigoda, akamsogelea mpaka kichwa chake kikafika kwenye kifungo cha tatu cha shati la kamanda.

"Andika," akasema. "Andika jina langu, andika na la baba yangu. Halafu chini yake uandike hivi: Mzaramo amemkamata mtani wake kwa karatasi. Uende nalo Kisarawe ukawasomee wazee wako. Tangu lini mtani anaandika? Mtani anapora! Kama umekipenda, pora!"

Yule mgambo wa shavu akameza tobolwa.

Kamanda hakuandika, na daftari hakulifunga. Alikuwa anakitazama kile kioo. Nadhani kidole chake kiligusa kitufe bila yeye kukusudia, kwa sababu watu wa chuma walianza kutoka kwenye tundu.

"Huyu mwenye mzigo ni nani?" akauliza.

"Babu yangu," akasema bibi. "Mpagazi."

"Na hawa wanaoruka juu, wanadondosha vitu?"

"Ninyi."

Mgambo mmoja alikohoa kuficha kicheko. Kamanda akauma mdomo. "Sisi tunamdondoshea nini?"

"Ushuru wa njia. Mzaramo alitoza kila kilichopita kwake. Mlimtoza babu yangu mpaka kivuli chake."

Hapo akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikatoka chote, na wale mgambo wanne wakapasuka nacho. Piiii! Mtu wa chuma akaanguka.

"Babu yako kafa," kamanda akasema.

"Ana roho tatu. Mnyamwezi huyo."

"Inachezwaje?" Alikuwa ananiuliza mimi. Nikasogea, nikamwonyesha: hiki cha kuruka, hiki cha kupiga. Akakaa kwenye kigoda cha bibi, mtu mrefu vile, magoti yamefika kidevuni. Akaanguka tena. Mara ya tatu akapanda ngazi ya kwanza, akaruka shimo, na mimi nikajisahau kabisa, nikapiga kelele, "Ruka, kamanda! Ruka we!" Na mgambo nao, "Ruka, kamanda!" Ungesema ni uwanja wa mpira.

Dereva wa lori akapiga honi. Kamanda akainuka, akakikunja kile kitu, akakitia mfuko wa shati. Penseli akairudisha sikioni.

"Nyumba hii haina kitu," akawaambia mgambo. "Mimi nimemwibia mtani wangu. Hilo halihusu serikali."

Na bibi, kama desturi inavyotaka, akaanza kupiga yowe, "Mwizi! Mwizi wa Kisarawe jamani! Nimeibiwa mchana kweupe!" Majirani wakatoka wanacheka. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu, na vidole vimenikamata shati, haviachii. Niliushika. Nafuu niliyoisikia siku ile, sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimeona kabisa bibi yangu yuko juu ya lori, na sasa yuko hapa, ananuka moshi na viazi, anapiga yowe.

Haya ya baadaye niyamalize haraka, maana nataka niishie pale mlangoni. Rafiki yangu alilia siku mbili, ya tatu tukachimba mashimo ardhini tukacheza bao. Jirani alituletea sinia la tende zilizokuwa zimefichwa, Mungu ndiye anayejua wapi, na kila akimwona bibi alisema "Alhamdulillahi" badala ya kumsalimia. Walihamia Maskati wote miaka kadhaa mbele, na duka siku hizi ni kinyozi. Wale wawili wa kwenye lori sijui walifikia wapi. Siku ile furaha yetu ilikuwa kubwa, hatukuwaulizia, na hilo huwa linanisumbua. Bibi alifariki bila kujua nani alitegesha ile saa. Mara nyingi nilikuwa karibu kumwambia. Uani kwake kumejengwa vyumba vya kupangisha, na vijana wa leo wakiniuliza mtani ni nini nawaeleza, wanatikisa vichwa kwa adabu, lakini hakuna anayemwibia mwenzake kofia.

Basi. Kamanda alichora ile vema kwenye mlango wetu, kubwa, ya mkono wa mtu mwenye haraka. Akatoka barabarani. Dereva akamfungulia mlango wa lori. Yeye akampungia mkono waende. Lori likaondoka kushoto na mgambo wamening'inia nyuma. Yeye akashika njia ya kulia, ya stesheni, kwa miguu. Tulisimama na bibi mlangoni tunamtazama. Alikwenda hatua kama ishirini, akatia mkono mfukoni, akainamisha kichwa. Tukasikia "piiii". Akasimama katikati ya barabara, baiskeli ikampita ikimlalamikia kwa kengele, akaanza tena kutembea, polepole, vidole vinacheza.

Kesho yake alikuja kamanda mwingine, akaona chaki, akapita. Yule hatukumwona tena.